Tarehe 29 na Kopo la Biskuti

Mwenzangu uliyeoa, uliyezaa, na unayeishi na shemeji chumba cha nyuma, nisikilize. Kuna jambo lilitusumbua nyumba nzima hapa Reading, Uingereza, tangu Januari 2024 hadi jua la kiangazi lilipoanza kutuchungulia, na najua hatuko peke yetu. Deni lenyewe tulikuwa tunaliweza. Kilichotushinda ni tarehe: siku ambayo kampuni ya kadi inakuja kuchukua chake, na siku ambayo chake hicho huwa kipo.

Nikutajie kwanza wakazi, maana bila kuwajua hutaelewa pesa inapitia wapi. Mke wangu, Mama Zuhura, namwita Meneja. Anafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku, na akirudi asubuhi bado ana nguvu ya kuuliza nani kaacha taa ya bafuni inawaka. Mimi ni dereva wa basi. Binti yetu Zuhura ni Mkaguzi. Haliwi andazi katika nyumba hii asijue limeliwa na nani na saa ngapi. Mdogo wake ni Kimbunga, na ukuta wa sebuleni ni ushahidi. Chumba cha nyuma anakaa kaka yake Meneja, ambaye nimemwita Shemeji Kesho kwa sababu kila ukimwomba kitu hilo ndilo jibu lake, na hulisema kwa upole mpaka unaona aibu kukasirika.

Halafu Januari hiyo akaja mama mkwe wangu kutoka Tanga. Huyu ndiye Bibi Risiti. Miaka yote ya duka lake la vitenge hakuwahi kutupa karatasi yenye maandishi, na umri huu hana nia ya kuanza. Alishuka uwanjani Heathrow na koti la kuazima, dumu la samli, na bahasha ya risiti zinazoonyesha kila alichobeba kilinunuliwa wapi. Nampenda sana mama huyu. Nyumba ilichangamka tangu siku aliyoingia. Ila barua za nyumba nzima zilihamia kwenye kopo la bati la biskuti alilolikuta juu ya kabati la jikoni, na hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Tiketi ya Bibi ilinunuliwa kwa kadi ya mkopo, na Meneja alikuwa na sababu nzuri. Sheria ya mikopo ya Uingereza ya mwaka 1974, kifungu chake cha 75, inasema ukinunua kwa kadi hiyo kitu cha bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, kampuni ya kadi inabeba dhamana pamoja na muuzaji. Muuzaji akifilisika, unaidai kampuni ya kadi. Sisi tuna jamaa waliowahi kubaki na karatasi ya tiketi isiyo na ndege, kwa hiyo Meneja hakubahatisha. Lakini aliweka sharti, na Bibi akaliwekea muhuri: deni lote lilipwe kila mwezi, lisibaki hata senti, ili riba isiingie nyumbani. Ukilipa lote kwa wakati, manunuzi hayana riba. Ukibakisha, wanahesabu riba ya manunuzi tangu siku yalipofanyika. Kwa nyumba yetu hili ni suala la dini kabla halijawa suala la fedha.

Ili asisahau, Meneja akaweka dairekti debiti, yaani ruhusa ya kampuni kuja yenyewe benki kuchukua deni. Unapoiweka wanakuuliza uchague moja katika matatu: wachukue kiwango cha chini tu, wachukue kiasi maalumu utakachotaja, au wachukue deni lote la mwezi. Akachagua lote. Akafunga simu, akalala, na ana haki ya kulala aliyekesha akiwageuza wazee wa watu vitandani.

Sasa msomaji, shika hapa, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Taarifa ya deni ya mwezi huo ilikuwa imekwisha kutoka. Ruhusa ikiwekwa baada ya taarifa kutoka, kwa kawaida inaanza kazi na taarifa inayofuata. Mwezi ulio mkononi unabaki kulipwa kwa mkono, na kampuni huleta barua kusema hivyo. Barua ilikuja. Bibi aliipokea mlangoni, akaona nembo, akaona tarakimu, akaikunja vizuri na kuilaza ndani ya kopo la biskuti pamoja na risiti ya soksi za Kimbunga.

Tarehe 29 Januari, siku ya mwisho ya kulipa, ikapita. Nyumbani tulikuwa tunakula wali wa nazi, tumeshiba, tunaamini mashine inafanya kazi yake.

Taarifa iliyofuata ilileta pauni 12 za kuchelewa, na chini yake riba ya pauni 20 na ushei. Mkaguzi ndiye aliyeisoma kwa sauti. Meneja alinyamaza, kunyamaza kule ambako watoto hukimbilia ghorofani bila kuambiwa. Bibi akauliza, "Riba? Katika nyumba hii mwanangu?" Akakaa chini.

Nitoke kidogo nje ya jikoni nikueleze habari ya pauni 12, kwa sababu Shemeji Kesho aliapa kwamba kampuni yetu imetuonea peke yetu. Zamani kadi nyingi za hapa zilitoza zaidi, pauni 20 hata 25 kwa siku moja ya kuchelewa. Mwezi Aprili 2006 ofisi ya serikali iliyosimamia biashara ya haki ikatamka kwamba faini yoyote ya kadi inayozidi pauni 12 itachukuliwa kuwa si ya haki mpaka kampuni ithibitishe vinginevyo. Basi karibu kampuni zote zikashuka zikatua juu ya 12, na nyingi zipo hapo hadi leo. Shemeji aliposikia alisema afadhali wangetamka sita. Kwa hilo tulikubaliana naye, jambo lisilotokea mara nyingi.

Meneja akapiga simu. Nakusihi nawe upige. Watu wetu tunaona haya, tunasema faini ni faini. Kwa mteja ambaye hajawahi kuchelewa, kampuni mara nyingi hurudisha faini ya kwanza kwa hisani. Zetu zilirudi. Riba haikurudi, na Bibi aliitolea sadaka kiasi kama hicho siku ya pili, kutoka kwenye fedha yake ya safari, bila kutushauri.

Kopo lilifunguliwa mezani. Tulikuta barua ya kampuni, ya daktari wa meno, ya shule kuhusu chawa, na tangazo la piza. Bibi hakuona kosa. "Nimezitunza," alisema. "Ipo iliyopotea?" Hakuna iliyopotea. Meneja alimbusu mkono, akamwomba kuanzia siku ile ampe barua usoni, na mimi nikapewa kazi ya kumpeleka Kimbunga shule akaangaliwe kichwa.

Februari ilitulia. Mwaka ule Februari ilikuwa na tarehe 29, ikaangukia Alhamisi, na Alhamisi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kazi katika mwezi, siku ya mshahara wa Meneja. Mshahara ukaingia alfajiri, makato yakatoka, deni likaisha. Nyumba ikasema alhamdulillahi, mashine imetengemaa.

Machi ndiyo iliyotuvunja.

Mwaka 2024 Ramadhani na Pasaka zilikutana. Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 29 Machi, tarehe yetu ileile, na Jumatatu ya Pasaka ikawa tarehe 1 Aprili. Zote mbili ni sikukuu za kitaifa hapa, na katikati kuna Jumamosi na Jumapili. Dairekti debiti hupita kwenye mfumo unaoitwa Bacs, na basi la Bacs halitembei wikendi wala sikukuu. Siku ya kukata ikiangukia mapumziko, wanakata siku ya kazi inayofuata. Kampuni haikuhesabu umechelewa kwa hilo, maana ni wao walioamua waje lini. Kwa hiyo pesa yetu ingechukuliwa Jumanne, tarehe 2 Aprili.

Mshahara unafuata kanuni kinyume. Siku yake ikigonga mapumziko, waajiri wengi huutanguliza. Meneja alilipwa Alhamisi tarehe 28. Utaona basi: pesa imetangulia, makato yamechelewa, na kati yao kuna siku nyingi za Ramadhani, nyumba ina wageni, na kila mtu amesikia kwamba mshahara umeingia.

Pauni 1,900 zililala benki usiku wa Alhamisi. Meneja alijua ndani yake zimo pauni 940 za kadi. Ni mtu makini, na mwezi ule kadi ilikuwa imebeba vyakula vya mwezi mtukufu na matairi mawili ya gari. Ijumaa alituma pauni 250 Tanga, za futari ya wazee na za mashangazi. Hilo halina mjadala katika nyumba yetu. Jumamosi ilikuwa zamu yake kutoa upatu, pauni 300, na kijumbe wa upatu wao, mama mmoja wa Mombasa anayekaa Slough, hana msamaha. Kundi lile limesomesha watoto na kuzika wafu. Humwambii mwanamke mle ndani asubiri Bacs.

Jioni ya Jumamosi Shemeji akamwita dada yake pembeni ya jokofu. Alihitaji pauni 150 mpaka kesho.

Wakaja wageni kufuturu, familia mbili na watoto wao. Tambi, katlesi, uji wa pilipili manga, viazi vya nazi, sambusa ambazo Bibi alizikunja tangu adhuhuri huku akinisimulia jinsi marehemu baba mkwe alivyokuwa akila kimya. Nyama ilinunuliwa, tende zikanunuliwa, Mkaguzi akanunuliwa viatu vya Idi kabla namba yake haijaisha dukani.

Na usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 31 nchi hii ikasogeza saa mbele. Hili lilimuuma Bibi kuliko faini zote. Jumamosi tulifuturu kama saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumapili ukutani panasomeka karibu saa moja na nusu. "Wametuongezea saa nzima ya kufunga, na sikukuu si yetu!" Mkaguzi akaeleza kwamba na daku nayo imesogea, jua halijui saa ya ukutani, urefu wa saumu ni uleule. Bibi alimsikiliza mjukuu wake kwa heshima hadi mwisho, akasema wamewaongezea saa nzima. Nilikuwa natandika jamvi, nikaendelea kutandika. Katika nyumba hii mambo yaliyoamuliwa na Bibi hayarudi kikaoni.

Nani alikumbuka kodi ya halmashauri? Hapa Uingereza wengi huilipa kwa mafungu 10, kuanzia Aprili hadi Januari. Februari na Machi unapumzika. Kupumzika huko ndiko kunakosahaulisha. Fungu la kwanza la mwaka mpya, pauni 178, lilipangwa tarehe 1 Aprili, ambayo ni sikukuu, kwa hiyo nalo likasogea Jumanne. Bima ya gari, pauni 60, Jumanne. Kila kilichozuiwa na mapumziko kilisimama mlangoni Jumanne alfajiri, na akaunti ilikuwa imebaki na pauni 1,000 hivi. Kodi ikachukua chake, bima ikachukua chake, kadi ikadai 940 ikakuta 762. Meneja hana ruhusa ya kukopa kwenye akaunti yake, aliikataa kwa sababu ya riba, kwa hiyo benki ikakataa makato.

Na hata hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Benki nyingi za hapa zikikosa pesa alfajiri hutuma meseji na kujaribu tena siku hiyohiyo. Ukiingiza fedha kabla ya saa waliyoitaja, mara nyingi kama saa nane mchana, makato yanapita na hakuna anayekudai faini. Meseji ilikuja mapema asubuhi. Mimi nilikuwa na akiba ya kutosha, na kutuma pesa akaunti hadi akaunti huchukua sekunde. Ilitakiwa mtu mmoja tu aione ile meseji.

Meneja alirudi zamu asubuhi ile amechoka hadi miguu imevimba, akalala na daku yake tumboni. Simu yake ikaanza kutetemeka juu ya meza ya kitanda. Bibi akaingia polepole, akaichukua ili mwanawe apate usingizi, akaifunga kwenye khanga na kuiweka kwenye droo ya vijiko. Ndugu yangu, ungekuwepo ungemlaumu vipi mama anayenyamazisha simu mtoto wake alale? Nilikuwa barabarani. Mkaguzi alikuwa likizo ya shule, amelala hadi adhuhuri kama wenzake wote. Shemeji alisikia droo ikitetemeka alipokwenda kutafuta chaja, akasema moyoni ataangalia baadaye.

Meneja aliamka alasiri. Saa nane ilikuwa imepita.

Tulilipa papo hapo kwa kadi ya benki kupitia programu ya simu, pesa yangu, 940 kamili. Lakini siku ya mwisho ilikuwa tarehe 29 Machi. Makato yaliyorudishwa ni sawa na yasiyokuja. Pauni 12 ziliandikwa tena. Na safari hii mtu wa kampuni, kijana mwenye adabu, akaeleza kwamba hisani ilikwisha kutumika kwa kosa la Januari. Meneja akataka kujua jambo kubwa zaidi: je, jina lake limechafuka? Nchi hii ina wakala watatu wakubwa wanaotunza historia ya mikopo, Experian, Equifax na TransUnion, na alama ya malipo yaliyokosekana hukaa humo miaka 6. Sisi tunatafuta nyumba ya kununua kwa utaratibu usio na riba, na wenye utaratibu huo nao husoma rekodi hizo. Kijana akasema kwa kuwa tumelipa deni lote siku chache tu baada ya tarehe, hawataripoti. Meneja akamwomba aandike. Akaandika. Bibi akaiomba ile barua ya kuthibitisha ilipofika, na kwa hiyo hakuna aliyempinga: ipo kwenye kopo mpaka leo, na ndipo panapostahili.

Bibi alikuwa na swali lake, nami naona ni swali la haki. Tanga anatuma pesa kwa simu, ikifika anasikia mlio wa upande wa pili. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania 2008. "Hawa wenye nchi yao," aliuliza, "kuchukua pesa kunawachukua siku tatu?" Kweli kunachukua. Siku ya kwanza kampuni inapeleka orodha ya madai, ya pili orodha inachambuliwa na kugawiwa benki, ya tatu pesa inatoka huku na kuingia kule, zote siku za kazi. Bacs ilianzishwa mwaka 1968. Njia ya haraka ya kutumiana, ile ya sekunde, ilikuja Mei 2008, na ni barabara nyingine kabisa.

Dairekti debiti yenyewe ina asili iliyomfurahisha Bibi. Aliibuni Alastair Hanton mwaka 1964, akifanya kazi Unilever, kampuni iliyotuletea Omo na Blue Band. Walikuwa na wauzaji wengi wadogo wa aiskrimu, na kuwafuata mmojammoja kudai malipo kulikuwa kazi kubwa. Yeye akawaza kwa nini mdai asiende mwenyewe benki, kwa ruhusa ya mdaiwa. Bibi, mwenye duka, alielewa papo hapo. "Huyo alichoka kudai," alisema, na tangu hapo akawa anamtaja kama mtu wa mtaani kwao.

Tukafika Aprili. Idi ilikuwa tarehe 10, nzuri sana, viatu vikapigiwa makofi. Kisha Meneja akakaa na kalenda, akaona kilichokuwa kimejificha tangu mwanzo: tarehe 29 ni mbaya kwetu. Mshahara wake huja siku ya mwisho ya kazi, kwa hiyo miezi mingi makato hutangulia mshahara. Akapiga simu kubadilisha tarehe. Kampuni nyingi hukubali ukiomba, na laiti tungejua Januari. Wakampa tarehe 5. Lakini mabadiliko, kama ruhusa ile ya mwanzo, yalianza na taarifa inayofuata. Deni la Aprili, pauni 410, bado lilikuwa la tarehe 29, Jumatatu, na mshahara ni Jumanne tarehe 30.

Meneja hakutaka kubahatisha tena. Ijumaa tarehe 26 akatoa pauni 410 kwenye akiba yake, akalipa kadi kwa mkono. Deni sifuri. Akaonyesha simu kwa kila mtu, hata Kimbunga. Na mimi siku hiyohiyo nikaweka kwenye akaunti yake pauni 450 za kutengeneza gari, maana gari lilikuwa limeshindwa ukaguzi wa mwaka na fundi alitaka kulipwa Jumatatu.

Jumatatu alfajiri kampuni ikachukua 410 zake. Tena. Hesabu siku tatu za kazi kurudi nyuma, Jumatatu yenyewe ikiwemo, utafika Alhamisi: orodha ilikuwa imekwisha kutoka siku moja kabla ya Meneja kulipa. Malipo ya mkono yanayoingia orodha ikiwa njiani hayaizuii. Kadi ikawa inatudai kinyume, yaani sisi ndio tunaoidai, na unaweza kuomba urudishiwe. Tuliomba, zikarudi baada ya siku kadhaa. Fundi naye akapewa habari hizi kwa simu. Alisema anaelewa. Gari lilikaa uani kwake, na mimi, dereva wa basi, nikawa napanda basi la mwenzangu kwenda kuchukua basi langu.

Usiku ule Shemeji Kesho, kwa mapenzi ya kweli, aliamua asiseme kesho. Dada yake alikuwa analia jikoni. Akachukua simu ya dada yake, iliyokuwa wazi kwenye ukurasa wa benki, akatafuta dairekti debiti ya kadi, akaifuta. "Hawatakuibia tena," alimwambia, akaenda kulala amefurahi. Sote tulidhani amezuia makato ya mara mbili tu. Kufuta benki ni kufuta ruhusa yenyewe, miezi yote ijayo.

Aliyetuokoa ni Bibi. Benki ruhusa ikifutwa huiarifu kampuni, na kampuni yetu ikatuandikia. Barua ilianguka mlangoni mapema Mei. Bibi akaiokota, akaona nembo ileile, akapanda ngazi na goti lake bovu, akasimama juu ya kitanda cha mwanawe mchana kweupe na kumwamsha. "Mama Zuhura. Barua. Usoni." Meneja akaisoma akiwa bado amefumba jicho moja, akaweka ruhusa upya kabla taarifa mpya haijatoka, akalala tena. Tarehe 5 Juni, Jumatano, mshahara ukiwa umeshaingia na upatu ukiwa umeshatoka, makato yakapita bila neno.

Bibi aliondoka mwishoni mwa Juni. Alitaka kubeba kopo. Meneja akamwomba aliache, wakakubaliana abebe biskuti za kopo jipya na risiti yake. Mkaguzi amebandika kwenye jokofu kalenda ya sikukuu zote za kitaifa, na pembeni ya kila moja ameandika kwa kalamu nyekundu kitakachosogea na siku kitakayosogelea. Jumatatu ya mwisho ya Agosti ina mistari minne. Anatudai pauni moja kwa mwezi kwa huduma hiyo, na mama yake amekubali kulipa, kwa hiyo nalipa.

Wiki iliyopita Shemeji ameleta fomu ya kadi yake mwenyewe. Tumekaa naye mezani baada ya isha. Jina tumejaza, anwani tumejaza. Kwenye siku ya mshahara amenyanyua kalamu na kunitazama, kwa sababu analipwa kila Ijumaa na wakala, isipokuwa pale wakala anapomlipa Jumatatu. Meneja amevuta kiti, ameiondoa fomu mbele yetu, na amemwita Mkaguzi ateremke na kalenda.